Nani Atambeba Boni?

Nilipokuwa mtoto, kijiko cha uji kiliwahi kuitikisa nyumba yetu yote. Sitanii. Kilikuwa kijiko kidogo cha bati, mpini umepinda, na mama hakutaka kitumiwe na mtu mwingine yeyote ila mtoto. Tulikuwa tunaishi Tandika, Temeke, katika vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Asubuhi hiyo kazi ya kumlisha mdogo wangu Bonifasi, ambaye sote tulimwita Boni, nilipewa mimi. Nilikuwa nimempakata, nimemfunga kitambaa shingoni, naimba huku nikimpenyezea uji. Mara kijiko kikagonga kitu kigumu mdomoni mwake. Ti.

Nilishangilia kana kwamba jino lile nimelipanda mwenyewe.

"Bibi! Bibi! Boni kaota jino!"

Bibi mzaa mama alikuwa uani anamenya njegere alizokuja nazo kutoka Mgeta, huko kwetu kwenye milima ya Uluguru. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Aliinuka anacheka, akajifuta mikono kwenye kanga, akachutama mbele yetu.

"Wapi, Adela? Hebu nione."

Nikauinua mdomo wa juu wa Boni. Bibi aliacha kucheka. Aliingiza kidole, akapapasa ufizi wa chini, akaukuta laini mwanzo hadi mwisho. Akarudi juu. Kisha akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga, akakifuta tena, kwa muda mrefu kuliko uji ule ulivyostahili.

"Mwite mama yako," akasema.

Kwa wasiojua, mtoto anayeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini huitwa kigego. Pwani wanalo jambo hili, bara wanalo, na kwetu lilikuwa zito. Zamani, kwa walivyotusimulia wakubwa, mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Baadaye mambo yakalegea, akawa anafanyiwa dawa na kupelekwa mbali kulelewa na watu wasio wa damu yake, ili mkosi upotee njia. Siku hizi wengi wanacheka. Lakini mara nyingi wanaocheka ni wale ambao jino liko mdomoni mwa mtoto wa jirani.

Nisieleweke kwamba Bibi yangu hakuwa Mkristo. Alikuwa Mkatoliki wa kutupwa. Rozari haikumtoka shingoni, na misa ya asubuhi aliikosa akiwa anaumwa tu. Ila kanisa na kigego vilikaa ndani yake kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake, asubuhi wanasalimiana vizuri tu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo bibi mzaa mama akisema, amesema. Baba yangu, karani wa ghala moja kule Kipawa na mtu wa Songea, alilijua hilo. Jioni aliposikia habari alivua viatu, akaketi, akasema tu kwamba hayo ni mambo ya ukoo wenu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Mashine yake aliiweka kwenye baraza ya duka la Bi. Zuwena, mama wa Kiarabu ambaye familia yake ilikuwa inaendesha duka lile tangu kwa babu zao. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, na wakati ule hakuwa mtu wa kanisa pia. Tangu tulipomzika Tekla, mdogo wangu aliyenifuata, ambaye homa ilimchukua hata hajajua kutamka jina langu, mama alikunja kitenge chake cha kanisani akakiweka chini kabisa ya sanduku. Hakugombana na Mungu wala na padri. Aliacha tu. Jumapili alishona.

Sasa Bibi alimkalisha chini na kumweleza bila kuzunguka.

"Mwanangu, huyu si wa kukaa naye. Anayembeba kigego mbele za watu, akasema huyu ni wangu, ndiye anayeondoka kwanza duniani. Nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Nitaondoka naye. Kuna watu huko mbele ya Kisaki watamlea, si wa ukoo wetu, halitawadhuru."

Mama alikuwa amemkumbatia Boni. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vimezama kwenye nyama za mapaja ya mtoto.

"Nimeshazika mmoja, mama. Huyu sitamzika akiwa hai."

"Basi utafanyaje?"

"Nitambatiza."

Nadhani hata yeye alishangaa kujisikia. Bibi akacheka, si kwa ubaya, kwa mshangao.

"Wewe? Kanisani bado unapajua?"

"Nitapauliza."

Wakawekeana sharti, mama na binti, mbele yangu mimi niliyejifanya naosha vyombo. Bibi alisema sawa, mbatize. Lakini mtoto habatizwi bila msimamizi, mtu mzima asiye mzazi wake, wa kumbeba mbele ya kanisa zima na kumkiri. "Akipatikana wa kumbeba, mie nafunga mdomo wangu mpaka kaburini. Asipopatikana, siku hiyo hiyo naondoka naye. Begi langu litakuwa limefungwa." Mama akasema sawa.

Ofisini parokiani alikutana na kikwazo cha kwanza. Waliomwona hawakumuuliza habari za jino. Walimuuliza jumuiya yake. Kwetu Wakatoliki, majirani wa nyumba chache hukusanyika kila wiki kusali nyumbani kwa mmoja wao, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na sisi tulikutana Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika kutafuta riziki. Paroko hakubatiza mtoto ambaye jumuiya haimjui mzazi wake. Mama alirudi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaani kwetu, Mwalimu Kolumba, mwalimu mstaafu aliyezungumza na kila mtu kana kwamba ni darasa.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akabisha hodi.

"Milele amina. Oo, Mama Adela. Umepotea." Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani. "Sikia. Ubatizo si chanjo ya kliniki, kwamba unaleta mtoto anachomwa unaondoka. Anza kusali, tukuone."

"Mtaniona," mama akasema.

Na kweli walimwona. Mlango wetu ulikuwa na komeo la chuma lenye mlio wa kuudhi, na kila Jumamosi kabla hakujapambazuka vizuri niliusikia mlio ule. Kriiii. Mama akitoka, Boni mgongoni, mimi nyuma nikiburuza ndala na kupiga miayo. Bibi hakuinuka kitandani. Yeye aliyekuwa haachi misa, jumuiya hiyo hakutaka kuikanyaga, maana aliona tunamdhihaki.

Habari za jino zilikuwa zimeshafika huko kabla yetu. Nyumba ya wapangaji haina siri. Mama alipoketi mkekani, akina mama walimsalimu vizuri, wakauliza habari za nyumbani, kisha mkeka ukaanza kuwabana upande wa pili. Hakuna aliyemwambia kitu kibaya. Walisogea tu. Mama alikaa karibu na mlango, Boni akitambaa kwenye nafasi ile kubwa aliyoachiwa na akiifurahia sana.

Katika kusali kwake kulikuwa na jambo moja ambalo nililigundua mimi peke yangu, kwa kuwa nilikaa nimemwegemea ubavuni na sauti yake niliisikia mwilini. Kwenye Baba Yetu alianza vizuri na wenzake. Akifika pale pa "utakalo lifanyike", ananyamaza. Wengine wakilisema, yeye anameza mate, anangoja, anadakia mbele kwenye mkate wa kila siku. Wiki baada ya wiki. Niliwahi kumuuliza njiani kwa nini analiruka.

"Kwa sababu sijalikubali," akasema. "Sitaki kumdanganya."

Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule, na sijasikia la ukweli kuzidi hilo.

Mama hakukosa. Mvua ilinyesha masika yale hadi njia ya kwa Mwalimu ikawa tope tupu, akapita amejitwika kichwani viti vya wazee wa jumuiya. Upepo uliezua bati letu moja, Bibi akamtazama Boni kisha akatazama juu. Mama alipanda kwenye meza, misumari mdomoni, akaligongelea mwenyewe, na Jumamosi akaenda kusali. Baba alipunguzwa kazini. Hilo lilikuwa pigo, na Bibi hakuwa na haja ya kusema, ila alisema: "Nyie endeleeni tu." Mama aliongeza saa za kushona, na Jumamosi akaenda kusali. Kule kwenye jumuiya walipanga zamu za kumhudumia mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliyekuwa na vidonda vya miguu. Zamu hiyo haikuwa na foleni, kwa sababu ya harufu. Mama aliichukua. Mwanzoni, alikuja kuniambia nikiwa mkubwa, aliichukua ili waseme wenyewe kwamba anastahili mtoto wake abatizwe. Lakini mgonjwa yule alimzoea. Akawa anamngoja. Akichelewa anauliza, "Mama Adela hajafika?" Ukishangojwa na mtu hivyo, aliniambia, unasahau uliendea nini.

Ikafika zamu ya jumuiya kusali kwetu. Mama alifagia mpaka mchanga wa uani ukawa na mistari kama nywele zilizochanwa. Alitandika mkeka wetu na mikeka ya kuazima, akaweka kigoda katikati, kitambaa cheupe juu yake, mshumaa na sanamu ndogo ya Mama Maria. Bibi aliingia chumbani akashusha pazia. Tukangoja.

Alikuja Mwalimu Kolumba. Akaja yule mgonjwa wa miguu, ameegemea fimbo na ukuta, hatua moja kisha anapumzika. Basi. Mikeka ilibaki mitupu. Mwalimu alitazama saa yake, akakohoa, akasema labda mvua. Haikuwa imenyesha.

Nilidhani mama atalia. Aliuwasha mshumaa.

"Tuanze, Mwalimu. Tuliopo tunatosha."

Akaongoza yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, sauti ya kuwafikia waliokuwa wamejifungia vyumbani mwao nyumba ile ile. Akaingia kwenye litania, anawaita watakatifu mmoja mmoja, na sisi tunaitikia "utuombee". Tulikuwa wachache mno, kiitikio kilikuwa kinakauka hewani. Halafu nikasikia sauti ya ziada. Nikageuka. Ilikuwa inatoka nyuma ya pazia.

"Utuombee," Bibi anaitikia kutoka kitandani. Hakuweza kujizuia. Mtu aliyeitikia litania tangu ana meno ya utotoni hawezi kuacha jina la mtakatifu lining'inie bila jibu. Kila mama akiita, pazia linaitika. Mwalimu alitazama chini kuficha tabasamu. Mama hakutabasamu wala hakugeuka, ila sauti yake iliongezeka nguvu.

Tukafika kwenye Baba Yetu. Mimi nilikuwa nimemwegemea kama kawaida. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike. Nikangoja ule ukimya wake. Ubavu wake ukatetemeka, nikahisi pumzi inaingia ndani na kukwama, kisha ikatoka na maneno.

"Utakalo lifanyike."

Alilisema akiwa anatazama kile kigoda, machozi yanashuka na hayafuti. Tekla hakurudi. Kazi ya Baba haikurudi. Mikeka ilikuwa mitupu vile vile. Hakuna kilichobadilika pale uani isipokuwa mama yangu, na mimi mtoto wa shule ya msingi nililiona hilo waziwazi kama ninavyouona mkono wangu. Uso wake ulikuwa umefunguka. Baadaye, wakati wa kushirikishana, alisema maneno machache.

"Nilikuja kwenu kwa ajili ya ubatizo wa Boni tu. Sasa hata Padri akikataa, Jumamosi mtaniona."

Mwalimu Kolumba alitoa neno kwa Paroko, na Jumapili ya ubatizo ikapangwa. Ikabaki lile sharti la Bibi. Nani atambeba?

Baba aliuliza rafiki zake wa Songea. Mmoja alikuwa na safari, mwingine alikuwa na ahadi nyingine, wa tatu alisema atarudisha jibu na hakurudisha. Tukamtegemea Mwalimu Kolumba, aliyekuwa anakemea ushirikina karibu kila Jumamosi. Naye, mama alipomwomba, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema nyumbani kwake kuna mjukuu mchanga, amezaliwa njiti, mama yake mtoto hatamwelewa. Simlaumu sana. Kukemea jambo ukiwa umesimama ni rahisi kuliko kulibeba mikononi. Alijitahidi, akamtafutia mama kijana mmoja wa kwaya, Deo, aliyekubali kwa furaha.

Aliyejitolea bila kuulizwa alikuwa Bi. Zuwena. Alitoka dukani na kipande cha kitambaa cheupe kizuri, akakitupa juu ya cherehani ya mama.

"Mshonee kanzu yake. Wallahi mie ningembeba huyu mtoto, jino la juu, la chini, la ubavuni, mie hanitishi. Ila sie si wa huko kwenu, Padri atanifukuza."

Walicheka hadi mama akashindwa kupitisha uzi kwenye sindano.

Jumapili ikafika. Bibi aliamka mapema, akafunga begi lake mbele ya macho yetu bila kusema kitu. Aliingia nalo kanisani, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, begi miguuni, na mimi nikaamriwa nikae naye. Nguo za Boni zilikuwa ndani ya begi lile. Nilimwona akiziweka. Nilikaa pale nimelishika begi kwa mkono mmoja kana kwamba nikilishika halitaondoka.

Misa ya pili ilipokwisha waliitwa wenye watoto. Mama akaenda mbele na Boni kwenye kanzu ya Bi. Zuwena, Baba pembeni yake. Wazazi wengine walikuwa na wasimamizi wao, wamependeza. Deo hakuwepo. Tulimtazama mlangoni, tukatazama kwenye kwaya. Akaja mdogo wake mbio, akamnong'oneza Mwalimu, na kutoka kule nyuma niliona mabega ya Mwalimu yakishuka. Mama yake Deo alikuwa amemzuia asubuhi ile, amesimama mlangoni na kumwambia apite juu ya maiti yake kwanza.

Padri akafika kwetu.

"Msimamizi wa mtoto huyu ni nani?"

Mama alisimama wima, kidevu juu. Hakugeuka kutafuta mtu, hakuomba. Boni alikuwa anavuta kola yake na kucheka, na lile jino la juu lilikuwa linaonekana mpaka kwetu nyuma, au mimi ndivyo ninavyokumbuka.

"Hakuna msimamizi?" Padri akauliza tena, kwa upole.

Nikahisi begi linanitoka mkononi. Bibi alikuwa ameinuka. Nikajua sasa anakwenda kumchukua, sharti ni sharti, na nikaanza kulia. Alilivuta begi, akalisogeza chini ya benchi kwa mguu, akajifunga kanga vizuri na kutembea katikati ya kanisa. Mwendo wa mtu wa milimani, polepole na bila kusimama. Alifika akanyoosha mikono. Mama alisita. Hakujua, kama mimi nilivyokuwa sijui, mikono ile inanyooka kwa kazi gani.

"Nipe," Bibi akasema. Kisha akamgeukia Padri. "Msimamizi ni mie."

"Wewe ni nani wa mtoto, mama?"

"Bibi yake."

"Umepata kipaimara?"

"Nilipata wewe hujazaliwa, Padri."

Watu walicheka, Padri naye akacheka, na mambo yakaendelea. Bibi alimshika Boni kwa mikono yote miwili, juu, mahali ambapo kila mtu alimwona. Alipoulizwa kama anamkataa shetani alijibu kwa sauti iliyowashtua watoto wengine wakaanza kulia. Maji yalipomwagika kichwani mwa Boni, yakamwagikia na yeye kwenye kanga, hakuyafuta.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta wa kanisa, mama alimwuliza. Nilikuwa katikati yao, nimeshika pembe ya kanga ya kila mmoja.

"Mama, si ulisema anayembeba mbele za watu ndiye anayeondoka kwanza?"

"Nilisema."

"Kwa hiyo umebadilisha mawazo?"

"Sijabadilisha kitu." Alimtazama mama kana kwamba ameulizwa swali la kijinga. "Ndiyo maana nimembeba mie. Nyie bado mna watoto wa kulea, mie nimeshakula chumvi yangu. Kila Jumamosi nimelala pale nikisikia hilo komeo lako. Nilikuwa nangoja asubuhi moja lisilie, niseme basi, kashindwa. Halikunyamaza. Sasa mie niliyekufundisha kusali nikae na begi nyuma ya kanisa? Mimi nitamwambia nini Mungu?"

Mama alimkumbatia pale pale, Boni katikati yao akilalamika kwa kubanwa.

Bibi alirudi Mgeta bila mtoto, na mdomo aliufunga kama alivyoahidi. Mwaka uliofuata alifariki. Presha, walisema hospitali, na umri. Kwenye msiba nilisikia minong'ono jikoni kwamba mnaona sasa, kigego kamchukua aliyembeba, mwenyewe alisema. Mama alikuwa anaosha mchele. Aliuweka chini, akamchukua Boni aliyekuwa anakimbia kimbia uani, meno mdomoni yamejaa, akaketi naye katikati ya wale akina mama na kuanzisha rozari. Waliitikia wote. Kuitikia hawakuwa na namna ya kukataa.

Ni kweli basi kwamba maneno ya Bibi yalitimia? Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha baiolojia, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba meno huota yanavyotaka na wazee wenye presha hufariki. Nawaambia na ninaamini. Lakini miaka mingi nilimweleza Bibi kwa wenzangu kama mtu aliyeshinda ushirikina siku ile, na nilikuwa namkosea. Hakuushinda. Alitembea kanisani akiwa na hakika kwamba anakwenda kufa, akaupokea mkosi ambao kwake ulikuwa kitu halisi kama begi lile, kwa sababu binti yake alifungua komeo kila Jumamosi. Na mama naye hakupata imani mpya kwa maono wala kwa mkutano mkubwa uwanjani. Aliipata kwenye mkeka, kwenye vidonda vya jirani, kwa kurudia sala moja mpaka siku aliyoweza kuimaliza. Mimi niliyeyaona haya nikiwa na ndala miguuni, nimepita vipindi vyangu vya kuliruka lile neno. Ndoa yangu ilipovunjika nililiruka muda mrefu. Ila Jumamosi sikuacha kwenda, maana nilishaona kwa mama kwamba kwenda ndiyo mwanzo.

Hivi karibuni Boni alinipigia simu. Ni fundi umeme sasa, anaishi Kipawa na mkewe, na wana binti waliyempa jina la Tekla, dada ambaye yeye hakumwona.

"Sista," akasema, anajaribu kucheka, "kijiko kimelia juu."

Nilikaa chini.

"Jumuiya mnasali?"

"Tunasali, hilo tuko sawa. Ishu ni msimamizi. Shangazi yake mke wangu alikuwa amekubali, ghafla kapata safari. Mwingine naye sijui kafanyaje. Nyie watu wa baiolojia mnasemaje?"

Watu wa baiolojia tulisema ni jino tu. Lakini nitasema ukweli, maana mama alinifundisha kutodanganya kwenye sala: usiku ule nilipowaza mikono yangu ikimnyanyua yule mtoto, kitu cha baridi kilinipita mgongoni. Ni kile kile alichokuwa nacho Bibi, amenirithisha pamoja na rozari yake. Nilikiacha kinipite. Asubuhi nilikwenda kununua kitambaa cheupe.

Jumapili mama alikuwa benchi la mbele, mzee sasa, anaongoza jumuiya ileile ya Tandika aliyoingia kwa kukaa mlangoni. Padri alishuka kwa wenye watoto, akawapita wengine, akafika kwa Boni na mkewe.

"Msimamizi wa mtoto huyu..."

Hakuwa amemaliza kuuliza. Nilikuwa nimeshasimama, na mikono nimeinyoosha.